Tukitoa gari letu, tunatoa nini?



Ugomvi mwingi wa nyumbani hutokana na ubaya: ulevi, uongo, fedha zilizofichwa, maneno makali. Leo tuzungumze juu ya ugomvi unaotokana na wema. Mume na mke wote wawili wanataka kuwasaidia maskini, na kwa sababu hiyohiyo wanalala wamepeana migongo.

Chukueni mfano huu. Ni wa kubuni, lakini ninyi mlio Rongo, Awendo, Migori au Homa Bay mtaona kwamba haukutoka mbali. Mume ni mwalimu. Mke ana duka la agroveti. Miaka mitano iliyopita walinunua gari lililotumika kutoka Japani, wakalipokea Mombasa. Lilikuwa la haibridi ya kuchomeka, yaani lina injini ya petroli na pia mota ya umeme, na betri yake kubwa huchajiwa kwa kuchomekwa ukutani. Liliwafaa sana. Sasa wamepata pikapu ya kubebea mbegu na chakula cha kuku, na lile gari la kwanza limesimama chini ya mwembe.

Mume anasema, “Mama Akinyi, tulipeleke kwa masista wanaolea mayatima kule ufuoni mwa ziwa.” Mke anajibu, “Baba Akinyi, karo ya muhula ujao hatujamaliza, na mama yako anakwenda kliniki kila mwezi. Tuliuze kwanza, halafu tutoe kile tutakachoweza.” Siku ya tatu hawazungumzi tena habari za gari. Mume moyoni mwake amemhukumu mke kuwa mchoyo. Mke moyoni mwake amemhukumu mume kuwa mtu wa kutafuta makofi kanisani.

Ni nani mwenye haki? Tusiharakishe kujibu. Hatuwezi kuamua kati yao kabla ya kujua kutoa ni nini hasa.

Mahitaji ni ya kweli

Kwanza tukiri kwamba mume hakubuni shida. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993 kutoka Jimbo la Kisii, linaenea katika kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, ambazo ni miongoni mwa zile zilizopigwa zaidi na UKIMWI katika Kenya nzima. Ndiyo maana tuna nyumba nyingi ambazo bibi analea wajukuu, na ndiyo maana vituo vya mayatima vikaanzishwa. Hospitali za misheni, kama Ombo pale Migori na St. Camillus kule Karungu, zimebeba mzigo huo kwa miaka mingi. Mama mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku katika kijiji cha ufuoni mara nyingi hana chombo ila boda boda. Kwa hiyo gari mahali kama hapo si anasa. Linaweza kuwa tofauti ya kuzika na kutozika.

Mke naye hakubuni chochote. Karo ni deni, na mama mkwe anayekwenda kliniki ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Maskini wa kwanza Mungu aliyemweka mlangoni mwetu mara nyingi anaitwa kwa jina la ukoo wetu. Basi hapa hatuna mwema mmoja na mbaya mmoja. Tuna haki mbili zinazogongana ndani ya chumba kimoja.

Gari hili ni kitu gani

Huwezi kujua kama kitu ni zawadi njema bila kujua kile kitu. Tulitazame gari lenyewe, kama mtu anavyomtazama ng’ombe kabla ya kumpeleka kwa wakwe.

Gari la namna hii lilipokuwa jipya lilikuwa la ajabu. Kwa mfano Mitsubishi Outlander ya haibridi ya kuchomeka, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 12, na kwa vipimo vya Japani iliweza kwenda kilomita 60 hivi kwa umeme peke yake. Umeme wa Kenya nao kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 90, hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hiyo nyumba iliyo karibu na mji, inayopeleka watoto shuleni na zahanati kila siku kwa safari fupi, na yenye umeme wa kutegemeka, inaweza kuokoa petroli nyingi kwa gari hili.

Lakini betri huzeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Likiingia karibu na umri huo, kisha likatumika hapa miaka 5, limekwisha kukaribia miaka 13. Kilomita zile 60 zimepungua sana. Siku umeme unapopotea, gari linakwenda kwa petroli, ila linabeba pia uzito wa betri isiyo na chaji; na betri ikifa kabisa, magari mengi ya namna hii hayawaki hata yakiwa na petroli. Nyaya zake za rangi ya chungwa hupitisha umeme wa volti 200, 300 au zaidi. Fundi wa kawaida wa jua kali, hata awe hodari namna gani kwa injini, akizishika bila kufundishwa anaweza kufa. Na betri yake ikifa haitupwi shimoni kama maganda ya ndizi, kwa maana ni takataka ya hatari inayohitaji kupelekwa kwa watu wanaojua kuishughulikia.

Sasa mnaona kwa nini madalali wa magari huliangalia kando kando na kutaja bei ndogo. Na mnaona hatari iliyopo. Kitu ambacho soko linakiogopa ndicho sisi tunachokikumbuka haraka kuwa kinawafaa mayatima. Hapo ndipo dhamiri yetu inapopaswa kuamka.

Je, ni letu au ni langu?

Swali la kwanza ni la mwenye mali. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama mke anaweza kutoa sadaka bila kumwuliza mumewe. Alijibu kwa busara. Kama ana mali yake zaidi ya ile aliyoileta kwa ajili ya mizigo ya ndoa, au kipato cha kazi yake mwenyewe, anaweza kutoa bila ruhusa, lakini kwa kiasi, asije akamfukarisha mume. Nje ya hapo asitoe bila ridhaa ya mume, iwe imetamkwa au inajulikana kwa hakika ya kawaida, isipokuwa kwa haja kubwa. Thoma aliandika juu ya mke kwa sababu ya nyakati zake. Lakini sababu aliyotoa, yaani kwamba hisani ya mmoja isiwe umaskini wa mwenzake, inamfunga mume vilevile. Mwalimu wetu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba logibuku ina jina lake.

Sheria za nchi nazo zimefika hapo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema kwamba mali ya ndoa, katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, haitauzwa, haitatolewa zawadi, haitakodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili.

Labda mtasema, “Kama kila sadaka ni mpaka tuulizane, hisani itakufa.” Hapana. Sukari ya jirani, nauli ya mwanafunzi, bahasha ya matanga, hizo kila mmoja anajua mwenzake angekubali. Ridhaa yake inakaa tayari ndani ya ndoa. Lakini gari si sukari. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ukimya usivyoweza kuhesabiwa kuwa ndiyo.

Na iko ndiyo ambayo si ndiyo. Mume akisimama kwenye harambee ya parokia, mbele ya paroko na wanajumuiya wote, akatangaza kwamba “mimi na mke wangu” tunatoa gari, mke atafanya nini? Atapiga makofi pamoja na wengine. Lakini huyo hakuulizwa, alinaswa. Zawadi iliyopatikana kwa kumwaibisha mwenzako ina mwizi ndani yake, hata kama mwizi huyo amevaa nguo za Jumapili.

Wengine hujificha katika neno la Bwana Yesu kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Neno hilo lilisemwa juu ya watu wanaopiga tarumbeta ili wasifiwe. Halikusemwa ili mke afichwe. Mume na mke ni mwili mmoja, na mwili hauwezi kutoa gari zima bila kujua.

Tunatoa au tunatupa?

Swali la pili ni gumu zaidi. Nabii Malaki aliwakaripia makuhani waliokuwa wakileta madhabahuni wanyama vipofu na viwete. Aliwaambia wajaribu kumpelekea liwali mnyama wa namna hiyo, waone kama atapendezwa nao. Kipimo hicho bado kinafaa. Je, gari hili ungethubutu kumpa afisa unayemheshimu? Je, ungemwacha mama yako mzazi asafiri nalo usiku kutoka Mbita mpaka hospitalini Homa Bay? Kama jibu ni hapana kwa sababu breki hazifai, basi usimpe yatima. Kama jibu ni ndiyo, ila halipendezi tena machoni, basi uzee wake si dhambi.

Tutofautishe kitu cha zamani na kitu kibovu. Yule mjane wa Injili alitoa sarafu mbili tu, tena za thamani ndogo kuliko zote. Lakini zilikuwa sarafu nzima. Sokoni zingepokewa. Udogo wa zawadi haumwaibishi mtu. Kinachomwaibisha maskini ni kupewa mzigo na kuambiwa aseme asante. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Walisema pia rahisi ni ghali. Maneno hayo mawili hayapingani. La kwanza ni la mtoaji. La pili ni la mpokeaji, maana yeye ndiye atakayelipa bima, magurudumu, ukaguzi, dereva na fundi.

Hebu fikirini nyumba yenye watoto 40 na bajeti ya unga na sabuni. Gari linafika kwa nyimbo na picha. Mwezi wa tatu kifaa kimoja kinaharibika, na fundi anayejua haibridi yuko Kisumu au Nairobi. Msimamizi atachota wapi? Atachota kwenye unga. Kwa hiyo watoto wale wamelisha gari letu. Tulidhani tumewapa, kumbe tumewatoza.

Dawa ni kumwuliza mpokeaji. Lakini angalieni namna ya kuuliza. Anayetegemea wafadhili huogopa kukataa, kwa kuwa leo akikataa gari, kesho hataletewa hata mchele. Ukimwuliza, “Sista, mtalipokea gari letu?” atasema ndiyo, na hutajua kama ni ndiyo. Mwulize hivi: “Tuna kitu cha thamani ya kiasi hiki, ambacho tunataka kuwapa. Tunaweza kuleta gari, au fedha zake baada ya kuuza, au kulipia dereva wa kukodi kwa siku za kliniki. Lipi litawafaa?” Hapo umemwachia mlango wa kutokea. Zawadi ambayo mpokeaji hana uhuru wa kuikataa huwa ni amri.

Gari au bei yake?

Hapa hoja ya mke inapata nguvu. Kwa nini tusiliuze tu, tukatoa fedha?

Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alikwenda Bombay, India, kwa Kongamano la Ekaristi. Huko alitumia gari jeupe la fahari, Lincoln, alilokuwa amezawadiwa. Alipoondoka alimwachia Mama Teresa wa Calcutta. Mama Teresa hakulipanda kwenda nalo mitaani. Aliliweka katika bahati nasibu, na fedha zilizopatikana zikasaidia kujenga makao ya wakoma. Vivyo hivyo, Papa Fransisko alipozawadiwa gari la Lamborghini, lilipigwa mnada mwaka 2018, na fedha zikaenda kwenye kazi za hisani. Hakuna aliyesema kwamba zawadi ilidharauliwa. Paulo wa Sita alitoa gari kweli, kwa maana hakumfunga Mama Teresa kwa masharti ya namna ya kulitumia.

Wenzetu wa Marekani wamezoea sana kutoa magari ya zamani kwa vyama vya hisani, na vyama vingi huyauza mara moja. Zamani mtoaji aliweza kukadiria mwenyewe thamani ya gari lake alipodai punguzo la kodi, na ilionekana kwamba wengi walikadiria juu sana kuliko fedha zilizowafikia maskini. Sheria ikabadilishwa mwaka 2004: kuanzia 2005, gari lenye kudaiwa zaidi ya dola 500 likiuzwa na chama hivihivi, punguzo kwa kawaida halizidi bei lililouzwa. Sisi hapa hatufungwi na sheria hiyo, lakini ina funzo kwa dhamiri. Thamani ya sadaka ni ile inayomfikia maskini. Ile iliyo katika kumbukumbu zetu, za siku tulipolitoa gari bandarini likimetameta, haihesabiki.

Hata hivyo hoja ya kuuza nayo ina mipaka. Dalali anayeogopa haibridi atatoa bei ya kutupa. Kama nyumba ya watoto iko kando ya barabara ya lami, ina umeme, ina mtu anayeweza kuendesha, na safari zake ni fupi, gari hilohilo linaweza kuwa na faida kwao kuliko bei ya dalali. Kama kituo kiko ndani kwenye udongo mweusi wa Ndhiwa unaoshika magurudumu wakati wa mvua, na umeme hukatika mara kwa mara, fedha zitawafaa zaidi. Kwa hiyo haiwezekani kusema “kutoa gari ni bora” au “kutoa fedha ni bora”. Anayejua ni yule atakayeishi na zawadi. Mume na mke wanaogombana sebuleni bila kumwuliza wanagombania nafsi zao. Maskini hayumo katika ugomvi huo.

Na hapo mume ajichunguze. Kama fedha zitawasaidia watoto zaidi, lakini moyo wake unadai waonekane wakipanda gari ambalo kila mtu Rongo analijua kuwa lake, basi ajue anachotaka kununua. Mke naye ajichunguze. “Tuliuze kwanza” ni neno la busara. Lakini fedha zikishaingia mfukoni huwa na miguu. Kama hasemi ni kiasi gani kitatolewa, na lini, basi busara yake inaweza kuwa njia ya kukataa bila kutamka hapana.

Vipi kuhusu watu wa nyumbani?

Ni kweli kwamba tuna wajibu wa kwanza kwa walio wetu. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo maneno mazito juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo kumtoa mtoto shuleni ili kumpendeza paroko si utakatifu. Wala kumwacha mama mkwe akose dawa.

Lakini tunajua pia jinsi ukoo ulivyo huku kwetu. Daima yuko mpwa anayetaka kujiunga na chuo, yuko shemeji anayejenga, liko jeneza la kusafirishwa kutoka Nairobi. Ukingoja mpaka mahitaji ya ukoo yaishe ndipo uwakumbuke wasio na ukoo, hutawakumbuka kamwe. Na yatima ni yule hasa ambaye hakuna ukoo unaomngoja. Hivyo mpakani hapa tunashauri kipimo. Ondoeni lile lenye tarehe na lisiloweza kungoja: karo ya muhula, dawa za mgonjwa. Linalobaki liwe sadaka nzima. Msiseme “tutoe kidogo” bila hesabu, andikeni. Kama hata baada ya hesabu hakuna kinachobaki, semeni hivyo bila haya. Mungu haombi sadaka ya mkopo.

Ukweli kabla ya makofi

Katika Matendo ya Mitume kuna mume na mke, Anania na Safira. Waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ni yote. Petro aliwakumbusha kwamba mali ilikuwa yao, na hata baada ya kuiuza fedha zilikuwa katika mamlaka yao. Kosa lao lilikuwa uongo, wala si kuzuia fedha. Na ninyi wana ndoa mwangalie jambo moja zaidi: watu hao walikuwa wamekubaliana. Kumbe umoja wa nyumba peke yake hautoshi. Mume na mke wanaweza kuwa kitu kimoja katika udanganyifu.

Kwa hiyo mkikubaliana kutoa gari, toeni pamoja na ukweli wake. Lipimwe na fundi anayejua magari ya haibridi, na mpokeaji aambiwe betri imebaki na nguvu kiasi gani, ni wapi panapogonga, na nyaya zipi zisiguswe. Umiliki uhamishwe rasmi kwa NTSA, kwa jina la shirika au parokia. Wengi huacha hilo kwa kusema “tunaaminiana”. Sheria ya Trafiki humhesabu yule aliyeandikwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo; ajali ikitokea, barua ya wakili itakuja nyumbani kwenu. Na kama mnaweza, toeni na bima ya mwaka wa kwanza. Mwenye kumpa jirani mbuzi wa maziwa humpa na kamba.

Jambo la mwisho ni muda. Msikubali ugomvi huu ulale mwaka mzima. Betri ya gari la namna hii huendelea kuzeeka hata ikiwa imesimama, na kila mwezi unaopita chini ya mwembe unapunguza kile ambacho mmoja wenu anataka kukitoa na mwingine anataka kukiuza. Wekeni tarehe. Mkifika tarehe hiyo hamjakubaliana, tunashauri gari lisitolewe kwa nguvu ya mmoja. Liuzwe, na fedha zigawanywe kwa kiasi mlichoandika. Hapo mume atakuwa amepoteza heshima ya kuleta gari, na mke atakuwa amepoteza fedha alizodhani zitabaki. Kila mmoja atakuwa ametoa kitu chake mwenyewe kabla ya kutoa kile cha wote wawili.

Mtu aweza kutuuliza kama hesabu zote hizi haziui moyo wa kutoa. Tunadhani kinyume chake. Moyo ambao haukubali kuulizwa maswali hujipenda wenyewe. Anayempenda maskini huuliza gari litakwenda wapi siku betri itakapokufa, kwa sababu siku hiyo yeye hatakuwapo, na watoto watakuwapo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni kiasi gani ambacho kila mmoja anaweza kutoa bila kumwuliza mwenzake? Tumewahi kukitaja?

2. Je, nimewahi kuahidi kitu mbele ya watu ili mwenzangu asiweze kukataa?

3. Kitu tulichokitoa mara ya mwisho, kiko wapi leo, na kinamgharimu nani?

4. Kama tungetoa sadaka ambayo hakuna mtu mwingine angejua ila sisi wawili na Mungu, tungechagua kitu kilekile?